Mstari wa Mkamwana

Atuganile alikaa nyumbani kwa Hezroni misimu mitatu ya mpunga bila kuuona uso wa baba mkwe wake. Aliijua miguu yake, mipana, yenye visigino vilivyopasuka, kwa kuwa macho ya mkamwana yaliweza kufika hapo tu kabla hajakimbia. Alikijua kikohozi chake pia. Ndivyo ilivyotakiwa. Mkamwana hamtazami baba mkwe, haketi naye pahali pamoja, hapiti njia anayopita yeye, wala halitamki jina lake, hata kama jina lenyewe ni la juzijuzi, limetoka kwa wamisionari wa Ipyana pamoja na maji ya ubatizo. Mzee akitaka kupita hukohoa kwa mbali, na mkamwana akisikia hujifunika shuka kichwani na kutokomea migombani. Akikosea hurudishwa kwao, na baba yake hutoa ng'ombe wa kumtakasa. Asipotakaswa, tumbo lake hufunga.

Sisi hatukuolewa kwake, kwa hiyo tunaweza kumtaja tupendavyo: Hezroni, Hezroni, Hezroni. Atuganile hakuweza, na tumbo lake lilikuwa bado tupu, na wanawake wa Busale walikuwa wameanza kulitazama. Heshima aliishika barabara. Dharau aliiweka moyoni, mahali ambapo hakuna mtu anayekohoa kabla ya kuingia.

Na kulikuwa na mengi ya kudharau. Kabla Wadachi hawajaja, Hezroni alikuwa mtu wa kualikwa mwisho kwenye pombe na kuondoka wa kwanza. Kisha akajifunza kusimama wima, kupiga kisigino na kuitikia "Yavol!" kila alipoulizwa jambo asilolielewa, na kwa elimu hiyo akafanywa mnyapara. Walimpa tarbushi jekundu na koti la sajini mmoja aliyerudi Ulaya. Koti la sufu, katika joto la Kyela! Alilivaa mchana kutwa, jasho likimtiririka mpaka kwenye vidole vya miguu. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Hii ya Hezroni ilifika magotini, ikasitiri matako vizuri tu, ila ikashindwa kusitiri ujinga.

Mwaka huo akaja Bwana Miti. Jina lake halisi hakuna aliyeweza kulitamka bila kutema mate. Alikuja kwa machela, amebebwa na watu wanne, kwa sababu funza walikuwa wamemwingia vidoleni na mguu wake wa kulia ulikuwa umefungwa vitambaa ukawa mkubwa kama mzinga wa nyuki. Nyuma yake yalifuata makasha ya miche iliyofunikwa majani mabichi. Miche yenyewe haikuwa na majani, ilikuwa na sindano. Bwana Miti alisema hiyo ni miti ya kwao, inaota kwenye baridi na theluji, na kwa hiyo ataipanda Busale. Watu walitazamana. Mtu mzima anatoa kitu kwenye baridi, anakileta kwenye joto, na anasubiri kushukuriwa.

"Nataka shamba tupu," Bwana Miti alimwambia Hezroni. "Kilimani. Kubwa. Pembe nne."

"Yavol!" Hezroni alisema, na akampeleka kwa Marta.

Marta alikuwa mama yake Atuganile. Shamba lake la migomba lilikuwa mlimani, juu kidogo ya shamba la Hezroni mwenyewe, na halikuwa tupu hata kidogo. Lilikuwa na migomba ya matoki iliyopandwa na mumewe Aliko, na katikati ya migomba hiyo alizikwa Aliko mwenyewe, aliyeuawa na ndui mwaka mmoja baada ya kumwoza binti yake. Lakini Marta alikuwa mjane asiye na mtoto wa kiume, na shamba la mjane asiye na mtoto wa kiume, machoni pa mtu kama Hezroni, ni tupu kabisa. Alimzungusha Bwana Miti kwa uangalifu ili lake lisionekane, akamwonyesha la Marta pamoja na pori lililolizunguka, akapiga kisigino.

Bwana Miti aliwakusanya watu, akawatangazia sheria yake kutoka kwenye machela.

"Mti nakamata, shamba ya Serikali. Siku zote! Mti nakufa, ardhi mbaya, mimi natupa."

Mkalimani wake, Ambilikile, kijana aliyesoma shule ya misheni, aliigeuza kwa Kinyakyusa kwa sauti ya chini kana kwamba anatoa habari ya msiba. Miti ikishika, shamba limekwenda. Miti ikifa, Bwana ataiona ardhi haifai, na atairudisha kwa mwenyewe. Marta alisikia. Atuganile, aliyekuwa nyuma ya wanawake amejifunika shuka kwa sababu miguu mipana ilikuwa karibu, alisikia pia, na alilishika neno hilo la pili kama mtu anavyoshika mzizi kwenye mto uliofurika.

Migomba ilikatwa siku mbili. Mmoja wa wakataji alikuwa Asegelile, mwana wa Hezroni, mume wa Atuganile. Alimkatia mkwe wake aliye kaburini migomba yake, mmoja baada ya mwingine, na jioni akarudi nyumbani kula.

"Ni amri," alimwambia mkewe.

"Ya nani?"

"Ya tata. Baba ndiye mnyapara."

"Na wewe ukaitikia yavol?"

Asegelile alinawa mikono. Alikuwa mwanamume mwema, mlaini kama uji, na kama uji alichukua umbo la chombo chochote alichotiwa. Atuganile alimpakulia mbalaga, ndizi zenyewe zikiwa za mamaye, zilizookotwa kwenye migomba iliyoangushwa. Akala zote. Atuganile alimtazama anavyotafuna, akahisi hasira mpaka kwenye meno.

Kisha ukaja upandaji. Bwana Miti alikuwa na kamba ndefu yenye mafundo. Watu wawili waliivuta mpaka ikakaza, na kwenye kila fundo alisimama mtu mmoja na jembe. Shimo, mche, udongo, kisigino. Kamba inasogezwa. Shimo, mche, udongo, kisigino. Mnyapara alitakiwa kupita nyuma na kuvuta kila mche kwa vidole viwili. Mche uliopandwa sawasawa haung'oki, na mche uking'oka aliyeupanda analala kifudifudi anachapwa kiboko. Lakini kilichompendeza Bwana Miti kuliko vyote ni mstari. Alikaa chini ya kilima na darubini yake, na mche mmoja ukienda upande kwa upana wa kidole alipiga kelele kama amekanyagwa mguu wake ule wa funza. Kama Mungu angekuwa na kamba yenye mafundo, alisema, dunia isingekuwa na matatizo.

Siku ya kwanza kazi ilisimama kabla jua halijapata nguvu. Atuganile alipangwa kwenye fundo la katikati ya kamba. Hezroni alianza kukagua kutoka mwisho wa kulia, akivuta, akinong'ona, akipiga watu makofi ya shingo, mpaka aliposikia Naomi, mwanamke wa fundo la jirani, akisema, "Tata, mkamwana wako yuko mbele." Akaganda. Atuganile naye alikwisha sikia kikohozi, ameacha jembe, amejifunika, amekimbilia porini. Fundo likabaki tupu. Kamba ikasimama. Bwana Miti akapiga kelele: fundo lile lina nini? Hezroni akarudi nyuma ili mkamwana arejee. Mkamwana akarejea. Hezroni akaenda mbele. Mkamwana akakimbia. Watu wakaegemea majembe yao wakitazama, na kwa mara ya kwanza tangu migomba ikatwe Marta alionekana kutaka kucheka.

"Mkalimani!" Hezroni aliita huku amewapa wote mgongo. "Mwambie Bwana yule mwanamke nampeleka juu kabisa, mwisho wa kamba. Apande huko na mama yake na huyo Naomi. Mimi sitafika huko."

Ambilikile alimwambia Bwana kwamba mnyapara anapanga wafanyakazi upya ili mstari unyooke. Bwana Miti akafurahi. Na juu kabisa, mwisho wa kamba, ndipo lilipokuwa shamba la Marta. Hezroni hakuwazia hilo hata kidogo. Kichwa chake kilikuwa kimejaa koti.

Atuganile ndiye aliyewaza. Alisimama na jembe pembeni ya kaburi la baba yake, ambalo sasa lilikuwa limebaki juani bila kivuli, akatazama chini ya mteremko. Miguu mipana ilikuwa mbali, ikienda na kurudi, na kila ilipofika kwenye mpaka wa shamba la Marta iligeuka.

"Naomi," alisema. "Hawezi kuja huku."

"Hawezi kuja ulipo wewe," Naomi alisema.

"Basi nitakuwa huku siku zote."

Naomi alikuwa rafiki yake tangu wakichunga ndama pamoja, na hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Marta alihitaji. Alikuwa mwanamke wa kuogopa, aliyeogopa Bwana, kiboko, wachawi na mvua ya mawe, kwa mpangilio huo. Atuganile alimwonyesha. Alichukua mche mmoja kwenye kapu, akaugeuza, akabana mizizi yake kwa ukucha wa dole gumba mpaka ikakatika kama shina la mchicha. Akauweka kwenye shimo, akausogezea udongo laini shingoni, na hakuutia kisigino. Mche ukasimama. Ulikuwa wa kijani, wima, mzuri, na ulikuwa umekufa.

"Akiuvuta?" Marta aliuliza.

"Nani atauvuta, mama? Mimi ni mkamwana mwenye adabu."

Wakapanda hivyo shamba zima. Walipanda kwa uangalifu ambao hawakuwahi kuutumia kwenye mpunga wao wenyewe, kila mche kwenye fundo lake, mstari umenyooka mpaka unatisha. Walijua Bwana Miti anachopenda, na mgeni mpe akipendacho. Jioni Hezroni alisimama chini kabisa, ameelekeza uso upande wa ziwa, akapaza sauti.

"Mwambieni yule mwanamke! Miche yake imeshika?"

"Imeshika, tata!" Naomi alijibu. "Imeshika kama kupe!"

"Ndaga," Hezroni alishukuru, akapiga kisigino, na akaenda kumwambia Bwana kwamba amekagua yote.

Atuganile alikuwa akilala na kuamka anacheka moyoni. Alipomtengea mumewe chakula alicheka, alipochota maji alicheka. Adabu aliyofundwa tangu utotoni, adabu iliyomfanya achuchumae kwenye matope na miiba kila mzee huyo alipotaka kwenda haja, sasa ilikuwa ukuta kuzunguka shamba la baba yake, na mzee mwenyewe ndiye aliyeujenga. Kijiji kizima kilimsifu. Hakuna mkamwana kama Atuganile, walisema, hata kazini kwa Mdachi hathubutu kumkaribia mkwewe. Sifa hizo zilimfikia Hezroni, akavimba. Alizichukulia kuwa zake.

Siku ya mwisho ya kupanda Bwana Miti alikuja mapema na askari mmoja, wabebaji wake na darubini. Machela iliwekwa chini ya kilima. Alitazama mistari kwa muda mrefu, akitikisa kichwa kwa raha. Kisha akatazama watu, na darubini ikamkuta mnyapara wake akipanda mteremko, akivuta miche, na alipofika kwenye mpaka wa shamba la Marta akigeuka kama mbuzi aliyefikia mwisho wa kamba.

"Hesroni! Pale juu wewe nakagua?"

"Nimekagua, Bwana Mkubwa! Yote!"

"Mimi naona wewe nageuka. Nenda. Vuta moja moja. Mimi natazama."

"Yavol," Hezroni alisema, na safari hii kisigino hakikulia.

Juu ya kilima wanawake watatu walisikia kila neno. Atuganile alijua nini kilikuwa kinakuja. Mche wa kwanza ungetoka na kishina kitupu, na wa pili, na wa tatu. Wangelazwa kifudifudi wote watatu, na mama yake asingeinuka baada ya viboko ishirini na tano. Kisha wangeletwa watu wengine, na askari nyuma yao, na shamba lingepandwa upya kwa mizizi mizima na visigino, na kufikia masika baba yake angekuwa amelala chini ya msitu wa Serikali.

Kikohozi kikasikika. Kikohozi kirefu, cha heshima, cha mtu anayetaka njia.

"Atu, toka," Naomi alisema.

"Jifunike mwanangu," Marta alisema. "Anakuja. Ingia porini."

Atuganile alijifunika shuka, lakini hakutoka. Alipiga magoti katikati ya mstari wa kwanza. Hezroni alipofika kwenye mpaka alikuwa amegeuza uso pembeni na kuunyanyua mkono kama mtu anayejikinga jua.

"Mwambieni huyo mwanamke apishe!"

Hakuna aliyemwambia. Chini, Bwana Miti alipiga kelele, na askari akaanza kukunjua kiboko. Hezroni alikohoa tena, akakohoa mpaka akakohoa kweli. Mbele mkamwana, nyuma kiboko. Ukubwa jalala, na hapo ndipo alipoanza kuonja takataka zake. Lakini mtu aliyevaa koti miezi yote ile kwenye joto lile hakosi njia ya kulitumia. Alilivuta likamfunika kichwa chote, tarbushi na kila kitu, akainama, akaanza kuja akipapasa chini kwa mkono mmoja. Atakagua bila kuona! Mila ameishika, amri ameishika. Hata Bwana Miti huko chini alishusha darubini, akaifuta, akaiinua tena.

Mkono ukapapasa udongo. Ukapata mche. Vidole viwili vikaushika.

 Atuganile alifikiri juu ya tumbo lake, na hilo tulitaje, kwa sababu hakuwa mtu wa chuma. Alifikiri juu ya mtoto ambaye hakuwa ameumbwa bado. Kisha akaivuta shuka kichwani, akaiacha ianguke mabegani.

"Hezroni," alisema. "Ondoa mkono."

Mkono uliruka kana kwamba mche umeshika moto. Koti likateleza. Na wakatazamana, mkwe na mkamwana, umbali wa hatua moja, jua likiwa utosini.

Alikuwa na uso wa kawaida. Hilo ndilo lililomshangaza Atuganile kuliko kitu chochote kabla na baada yake. Mashavu yaliyolegea, kindevu cha mvi tatu nne, jicho moja linalotoa machozi. Kumbe ni hiki tu! Kwa ajili ya kitu hiki alikuwa amelala kwenye miiba.

"Nimesema ondoka, Hezroni."

Naomi alijifunika mdomo. Marta alianguka chini akaziba masikio. Hezroni alitoa sauti ambayo haikuwa Kinyakyusa wala Kidachi, akageuka, akakimbia. Alikimbia moja kwa moja kuteremka kilima, akikanyaga miche, mstari baada ya mstari, koti linapepea, tarbushi likiviringika mbele yake, mpaka akafika kwenye machela na kuipita.

"Mistari yangu!" Bwana Miti alilia. Kilio chenyewe kilikuwa cha kweli. "Mshenzi! Mistari yangu!"

Askari alimkamata Hezroni kwenye kijito. Alivuliwa koti pale pale, na tarbushi likachukuliwa, na akachapwa kwa kuharibu mali ya Serikali. Bwana Miti alimgeukia mkalimani, akauliza yule mwanamke amemfanya nini mnyapara.

"Amemtaja jina, Bwana," Ambilikile alisema.

"Jina tu?"

"Jina tu."

Bwana Miti alifikiri juu ya jambo hilo kwa kadiri ya uwezo wake, na hakuambulia kitu. Aliinua darubini akaliangalia shamba la juu, ambalo kwenye kilima chote kilichovurugwa ndilo pekee lililokuwa bado zima. Mstari juu ya mstari, wima, kijani, pembe nne.

"Hii iko mzuri kuliko yote," alisema. "Hii hapana guswa."

Mawingu yalikuwa yameanza kuteremka kutoka milima ya Ukinga. Wabebaji wakainua machela.

Atuganile hakurudi kwa Asegelile. Hakuhitaji kufukuzwa. Alikwenda moja kwa moja kwa mama yake, na mama yake akampa pahali pa kulala, lakini chakula alimtengea peke yake, kwenye chungu chake, na alipompa kibuyu cha maji alikiweka chini kwanza ili mikono isigusane. Aliyelitaja jina la baba mkwe usoni pake ana uchafu unaoambukiza. Asegelile alikuja mara moja, akasimama nje ya ua.

"Ungepisha tu," alisema.

"Na wewe ungekataa tu," Atuganile alimjibu, na mazungumzo yao ya ndoa yakaishia hapo.

Masika yalipokwisha Bwana Miti alirudi, sasa akitembea kwa fimbo. Pori lililozunguka lilikuwa na miti ya sindano iliyoshika, ina rangi ya mtu mwenye homa. Shamba la Marta lilikuwa jekundu la kutu kutoka pembe mpaka pembe, mistari imenyooka vile vile. Bwana Miti alichukua udongo kidogo, akaunusa, akaonja kwa ulimi, na akatoa hukumu ya kitaalamu kwamba ardhi hiyo ina sumu. Akaitupa, kama alivyoahidi. Lakini pembe nne ni pembe nne, na pengo lilitakiwa lizibwe. Akatazama chini kidogo ya hapo, akaona migomba minene iliyokuwa imezungukwa kwa uangalifu mwaka uliopita.

"Hii udongo mzuri," alisema. Migomba ya Hezroni ikakatwa siku hiyo hiyo.

Hapo ndipo Hezroni alipokumbuka kwamba ametukanwa. Asiye na koti wala shamba bado ana mila. Aliwaita wazee wa Busale, akaeleza shauri lake kwa sauti ya kuumia. Mkamwana alimtaja. Lazima atakaswe, na baba wa binti alipe ng'ombe. Baba wa binti amekufa na ng'ombe hakuna. Lakini shamba lipo, lile la juu, ambalo Bwana amelirudisha. Yeye ni Mkristo na mtu wa huruma, atalipokea shamba badala ya ng'ombe, binti atatakaswa, na mwanawe Asegelile yuko tayari kumrudisha nyumbani.

Wazee waliona ni haki. Asegelile alitikisa kichwa kukubali. Na Marta, Mungu amsamehe, alikubali mbele yao wote.

"Chukueni," alisema. "Mimi nataka wajukuu."

Atuganile aliketi nyuma ya mama yake, amefunikwa shuka kama ilivyompasa mtu anayengojea kutakaswa. Alikuwa amewadharau wengi mwaka huo, na hakudhani angefika kwa mama yake. Hakumdharau. Ilimuuma tu, uchungu wa kweli, kwa sababu mama yake alikuwa anatoa alichokuwa nacho kwa kumpenda, na alikuwa anampa Hezroni.

Mzee Enoki, mkubwa wao, alichukua maji yenye dawa kwenye kata.

"Binti, inama. Kaa kimya tu, tukutakase."

Kukaa kimya tu. Hakuna zaidi. Angekaa kimya kwa muda wa kumimina kata moja, angerudi kwenye nyumba yake, pengine mwaka ujao angekuwa na mtoto mgongoni, na mzee yule angepanda migomba yake juu ya kifua cha baba yake.

Aliivua shuka.

"Hezroni," alisema.

Kata ilitikisika, maji yakamwagika.

"Binti, nyamaza! Tunakuosha!"

"Hezroni. Na kesho nikienda kuteka maji nitamtaja, na kesho kutwa nikipalilia. Hezroni. Shamba la Aliko mtalichukua kwa kosa lipi? Nililolifanya, au nitakalolifanya kesho?"

Wazee walitazamana. Hakuna mila iliyowaambia la kufanya hapo. Mzee Enoki alikitazama kilichobaki kwenye kata, akakimwaga chini.

"Hatuwezi kumwosha mtu ambaye bado yuko matopeni," alisema. "Asiyetakaswa hana cha kulipia. Shauri limekwisha."

Hezroni alikuwa amekwisha ondoka, mikono masikioni. Asegelile akamfuata baba yake, kama ilivyotarajiwa.

Marta alilia. Alilia kwa sauti, kama kwenye msiba, na kwa namna yake ulikuwa msiba.

"Umelifunga tumbo lako mwenyewe, mwanangu. Kwa mdomo wako mwenyewe."

"Ndiyo, mama."

 Aliitandaza chini ile shuka ya ukamwana, akaenda nyuma ya nyumba, akaanza kuchagua machipukizi ya migomba na kuyapanga juu yake, manene kwanza. Alifunga ncha nne za shuka, akajitwika mzigo, akachukua jembe na kushika njia ya mlimani, maana baba yake alikuwa bado amelala juani.